Ni Mgonjwa, ni Mtukutu, ama Ndivyo Alivyoumbwa?



Jumapili iliyopita tulikuwa katika 2 Samweli 9, habari ya Mefiboshethi, yule mjukuu wa Sauli aliyelemaa miguu yote miwili, na Mfalme Daudi akamwita mezani pake. Baada ya ibada ya pili nilikuwa nimesimama mlangoni nikisalimia watu, mama mmoja wa kanisa hili akanisogelea na mwanawe wa miaka kumi. Mtoto nitamwita Baraka. Si jina lake, na mama yake amekubali niandike. Tukisalimiana hivyo, Baraka alikuwa tayari amehesabu taa za dari, amefungua na kufunga zipu ya Biblia yangu mara kadhaa, na ameniuliza kama ile maiki ya mimbari inatumia betri ama stima. Mama akasema, "Pasta, huyu wangu ni mgonjwa, ni mtukutu, ama ndivyo Mungu alivyomuumba? Maana kila mtu ananipa jibu lake."

Majibu alikuwa nayo manne. Mwalimu wa darasa alimwambia mtoto ni mtukutu na anasumbua wenzake. Daktari alimwambia ana ADHD, yaani shida ya kukosa umakini na kutotulia, akamwandikia vidonge. Shosho akasema hakuna ugonjwa kama huo, kinachokosekana ni kiboko. Na kanisa lilisema ni roho. Hilo la nne ndilo lililonifanya niseme, "Mama, hebu nipe wiki moja nikujibu vizuri," kwa sababu aliyelisema ni mimi.

Nitafika hapo. Kwanza tuelewe yule daktari alimaanisha nini.

Wengi wetu tunadhani ADHD hupimwa kama malaria, unatoa damu unangoja majibu. Sivyo. Hakuna kipimo cha damu, wala hakuna picha ya ubongo ambayo daktari ataiinua kwenye mwanga aseme "hii hapa." Madaktari hutumia orodha. Moja inayotumika sana ni ya chama cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013. Ina dalili 18. Tisa ni za kukosa umakini: kusahausahau, kupoteza vitu, kuanza kazi bila kuimaliza, kuonekana kama hasikii ukimwongelesha. Tisa nyingine ni za kutotulia na kutongoja: kuinuka wakati wengine wameketi, kujibu kabla swali halijaisha, kushindwa kungoja zamu yake. Mtoto anafaa awe na sita au zaidi katika kundi moja, kwa miezi sita au zaidi, kupita kiasi cha watoto wa umri wake. Zianze kabla ya miaka 12. Zionekane mahali zaidi ya pamoja, si shuleni tu. Na ziwe zinamvurugia maisha.

Ukisoma orodha hiyo polepole utaona kitu. Karibu kila dalili ni jambo ambalo mimi na wewe hufanya. Mimi mwezi huu nimepoteza funguo za gari mara mbili, na mara moja zilikuwa mfukoni. Kwa hivyo tofauti haiko kwa aina ya jambo, iko kwa kiasi, na kwa hasara inayoletwa nalo. Mwenye dalili sita ana jina. Mwenye tano hana. Ni nani aliyechora laini hapo? Ni watu, wameketi kwenye kamati.

Na nyuma ya laini hiyo kuna neno moja ambalo tunalitumia ovyo sana: kawaida. Mtoto wa kawaida. Akili ya kawaida. Nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na kuna somo moja la takwimu ambalo halijanitoka. Ukipima kitu kwa watu wengi, tuseme urefu, unapata mchoro wenye umbo la kengele, wengi wamejaa katikati, wachache huku na wachache kule. Mwalimu wetu alikuwa akituonya kwamba mchoro ule unaonyesha watu wako wapi, hauonyeshi watu wanafaa kuwa wapi. Ukitaka hilo la pili itabidi ulitafute kwingine. Mimi nililitafuta kwingine, ndiyo maana niko hapa.

Hebu niwape kisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jeshi la anga la Marekani lilikuwa na shida na ndege zake. Viti na mitambo ya rubani vilitengenezwa kwa kufuata wastani wa mwili wa rubani. Mtafiti kijana, Gilbert Daniels, akachukua vipimo vya marubani 4,063. Akachagua vipimo kumi, urefu, kifua, mkono na vingine, halafu akauliza: ni wangapi kati yao walio karibu na wastani kwa vyote kumi? Unaweza kudhani watakuwa nusu, ama robo. Hakupata hata mmoja. Kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya rubani wa kawaida kilikuwa hakimfai rubani yeyote. Dawa ikawa ni kutengeneza viti vinavyorekebishwa. Kumbukeni hivyo viti, nitavirudia.

Sasa, sisi Wakenya tuna sababu yetu ya kuogopa watu wanaotangaza ubongo wa kawaida ni upi. Mwaka 1934, daktari F. W. Vint, aliyefanya kazi hapa Nairobi katika maabara ya serikali ya kikoloni, alichapisha matokeo ya kupima bongo za Waafrika waliokufa. Alisema tabaka la nje la ubongo wetu ni jembamba kuliko la Mzungu. Miaka iliyofuata akaja J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari kwa muda mrefu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake ambamo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata akaandika ripoti kuhusu Mau Mau kwa serikali ya kikoloni, na watu waliokuwa wakililia ardhi yao wakageuka kuwa suala la saikolojia.

Huyo alikuwa akiwasema kina nani? Babu yako na nyanya yako. Waliokuwa wakilima, wakihesabu ng'ombe kwa macho bila kuandika, wakikumbuka deni la miaka ishirini na nani alikuwa shahidi. Kipimo kilikuwa Mzungu aliyesoma, na kila asiyefanana naye akahesabiwa kuwa na upungufu kichwani. Yalichapishwa kama sayansi, na kwa jina la shirika kubwa.

Kuna utafiti mwingine wa hapa kwetu, huu wa heshima zaidi, ambao naupenda sana. Mwaka 2008 watafiti walichapisha kazi yao kuhusu wanaume wa jamii ya Ariaal kule Marsabit. Wengine bado wanahamahama na mifugo, wengine wameketi mahali pamoja, wanalima. Watafiti waliangalia jeni moja ambayo tafiti nyingine zimeihusisha na ADHD. Kwa wale wanaohamahama, wenye jeni hiyo walikuwa na afya nzuri ya mwili kuliko wenzao wasio nayo. Kwa wale walioketi, ikawa kinyume, wenye nayo ndio waliokonda. Jeni moja haifanyi mtu awe na ADHD, na huo ni utafiti mmoja tu, tusiutwike mzigo kuliko nguvu zake. Lakini angalia: ni jeni ileile, jamii ileile, kilichobadilika ni maisha. Mtu anayegeuka haraka kuangalia kila kinachotikisika kichakani ni hazina akiwa na ngombe mia na simba wako karibu. Mweke darasani na watoto sitini, ubao mmoja, dakika arobaini, uone atakavyoitwa.

Na hata hilo darasa lina mambo yake. Kule Marekani, katika majimbo ambayo mtoto lazima awe ametimiza miaka mitano kufikia Septemba 1 ndipo aanze shule, utafiti wa 2018 uligundua kwamba waliozaliwa Agosti walipewa jina la ADHD kwa asilimia 34 zaidi ya waliozaliwa Septemba. Agosti na Septemba! Bongo hazitofautiani kwa mwezi. Ila wa Agosti ndiye mdogo kuliko wote darasani, karibu mwaka mzima nyuma ya mkubwa wao, na utoto wake ukaonekana kuwa ugonjwa.

Najua mkutano wetu. Hapo mtu ameshasema Amina, ni uongo wa Wazungu, tupa vidonge. Ngoja kwanza.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Denmark uliofuatilia karibu watu milioni mbili. Waliokuwa na ADHD walikuwa na hatari ya kufa mapema karibu mara mbili ya wenzao, na kilichowaua zaidi ni ajali. Mtoto anayevuka barabara kabla ya kuangalia. Kijana anayeendesha pikipiki na akili iko kwa simu. Na kule Uswidi, utafiti wa 2012 ulifuatilia zaidi ya watu 25,000 wenye ADHD, ukalinganisha miezi ambayo mtu anatumia dawa na miezi ambayo mtu huyohuyo hatumii. Katika miezi ya dawa uhalifu ulipungua kwa asilimia 32 kwa wanaume na asilimia 41 kwa wanawake. Tafiti za mapacha nazo zinaonyesha kwamba asilimia 70 hadi 80 ya tofauti kati ya watu katika jambo hili inatokana na urithi. Hii haiwi uvivu wa mama kulea. Haiwi kukosa kiboko.

Basi tunafanyaje? Laini imechorwa na watu, na bado watoto wanaumia. Nitumie mfano ambao kila nyumba hapa inaujua: presha. Kwa miaka mingi ukipimwa 140 kwa 90 unaambiwa una presha. Novemba 2017 madaktari wa moyo wa Marekani walishusha laini hadi 130 kwa 80. Mamilioni walilala wazima wakaamka wagonjwa, na mishipa yao ilikuwa ni ileile ya jana. Je, presha ni ya kubuniwa? Waulize waliopooza upande mmoja katika kanisa hili. Damu haijui habari ya kamati. Inasukuma, na kadiri inavyosukuma zaidi ndivyo hatari inavyozidi, na mahali fulani katika kuzidi huko binadamu lazima aseme, "Hapa tuanze kutibu." Laini ni yetu. Maumivu si yetu kuyabuni.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa ADHD. Iko tofauti ya kweli katika ubongo, nyingine kubwa, nyingine ndogo. Na iko hasara, ambayo haikai ndani ya kichwa peke yake, inakaa kati ya hicho kichwa na mahali kilipowekwa. Neno ugonjwa ni sawa likitumika kama ufunguo wa kumfungulia mtoto mlango wa msaada. Likitumika kama hukumu ya thamani yake, basi linafanya kazi ileile lililofanya katika kitabu kile cha mwaka 1953.

Tuje kwa neno la pili, utukutu, ambalo ndilo swali la dhambi. Mwaka 1902 huko London daktari wa watoto, George Still, alitoa mihadhara kuhusu watoto ambao leo wengi wetu tungesema wana ADHD. Walikuwa na akili za kutosha lakini hawakuweza kujizuia. Unajua aliita shida yao nini? Kasoro ya kujizuia kimaadili. Daktari, si mchungaji, akaileta habari ya maadili. Na hakuwa mkatili, alijaribu kusema kwamba hata hiyo nguvu ya kujizuia ina shina lake mwilini, na shina linaweza kuwa dhaifu bila mtoto kulitaka.

Hilo linatusumbua sisi tuliookoka, kwa sababu kiasi ni tunda la Roho. Tunauliza: kama kujizuia kuko kwa vidonge, toba iko wapi? Mimi naona hivi. Wasichana wawili wanatumwa mtoni, kila mmoja na mtungi wa lita ishirini. Mmoja mtungi wake una ufa. Akifika nyumbani na maji nusu, ukimchapa kwa uvivu umemwonea, pengine yeye ndiye aliyetembea haraka kuliko mwenzake. Lakini pia usimwambie kuchota maji si kazi yake. Ziba ufa kadiri inavyozibika, na mwache aende mara mbili. Baraka akivunja penseli ya mwenzake kwa kukurupuka, atamwomba msamaha kama mtoto mwingine yeyote. Maelezo ya kwa nini alikurupuka hayafuti penseli iliyovunjika. Lakini sitamwita muasi, maana muasi ni yule aliyeweza na hakutaka. Kati ya hawezi na hataki kuna nchi kubwa sana, na watoto wengi wa kanisa hili wanaishi huko katikati. Na tuseme ukweli, wako watu wazima wanaoishi huko pia, waliopoteza kazi tatu, nne, na kila mtu anasema hawana bidii.

Kuna ndugu huniambia Petro alikuwa na ADHD. Aliruka kutoka mashuani, alichomoa upanga, alisema kabla ya kufikiri. Sitaki kwenda huko. Hatuna faili yake, na mtoto hahitaji mtume mwenye dalili ili apendwe.

Sasa lile la nne.

Mimi ni Mpentekoste. Naamini pepo wachafu wako, na nimeona watu wakifunguliwa. Lakini ukisoma Mathayo 4 pale watu wanapomletea Yesu wagonjwa, utaona mwandishi anawataja wenye pepo, anawataja wenye kifafa, anawataja waliopooza, kila kundi kwa jina lake. Mwandishi wa Injili alijua kutofautisha. Mimi sikutofautisha.

Ilikuwa kesha, miaka miwili iliyopita. Mama alimleta Baraka mbele, wakati huo akiwa na miaka minane. Nikamwekea mikono. Akawa hafumbi macho, anageukageuka, anaangalia kibodi, anaangalia nyaya za spika. Nikachukua kule kugeuka kuwa ushahidi. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo alivyozidi kutapatapa, na kadiri alivyotapatapa ndivyo nilivyozidi kuwa na hakika. Wahudumu wawili walimshika mikono. Tulikaa hapo karibu dakika arobaini. Ilikuwa inakaribia saa nane usiku. Ni mtoto wa miaka minane, ameshikwa na watu wazima wanaopiga kelele, wapendwa, ni nani asingetapatapa? Alipochoka akalia, akanyamaza, nami nikatangaza kwamba amefunguliwa. Watu wakapiga makofi.

Halafu nikamwambia mama yake kwamba kuendelea na vidonge ni kuonyesha mashaka.

Aliviacha. Muhula uliofuata Baraka alirudishwa nyumbani kutoka shule mara mbili, na mara ya pili ni kwa sababu alitoka nje ya geti mbio akifuata kitu, gari likafunga breki. Mama alipokuja kuniuliza, nikamuuliza kama nyumbani kuna jambo ambalo halijatubiwa. Ndivyo wanafunzi walivyomuuliza Yesu katika Yohana 9 walipomwona yule kipofu, nani alitenda dhambi, yeye ama wazazi wake, na Yesu akakataa majibu yote mawili. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi. Siku ile haikunijia. Mama alikaa miezi saba bila kuja kanisani.

Nimemwomba msamaha faraghani, na sasa naandika hapa kwa sababu nilikosea mbele ya kanisa. Nawaambia wazazi wote: usisimamishe dawa ya daktari kwa neno la mchungaji, hata awe mimi, hata awe amefunga siku ngapi. Kama una wasiwasi na dawa, rudi kwa huyo daktari umwambie, kipimo hubadilishwa. Paulo alimwona Timotheo anaugua tumbo, akamshauri atumie mvinyo kidogo. Hakumwambia imani yake imepungua. (Na tusianze mjadala wa mvinyo hapa, tafadhali.) Tutaendelea kumwombea Baraka. Tutamwombea kama tunavyowaombea wenye presha, wakiwa na dawa mfukoni, wakati mwingine saa tano asubuhi, si saa nane usiku.

Narudi kwa Mefiboshethi, kwa sababu kuna kitu nilikiruka Jumapili. Biblia inatueleza alivyolemaa: alikuwa na miaka mitano, yaya wake akawa anakimbia naye baada ya habari za vita, akaanguka. Hakuzaliwa hivyo. Lakini Daudi alipomwita hakuuliza. Akamweka mezani kama mmoja wa wana wa mfalme. Sasa sura inavyoisha ndivyo ninavyotaka tuone. Sisi wahubiri tunapenda sura iishe kwa mtu kuruka na kutembea. Hii haiishi hivyo. Inamalizia kwa kusema alikula mezani siku zote, na kwamba miguu yake ilikuwa bado imelemaa, yote miwili. Mezani, na bado kiwete. Meza ya mfalme haikumponya miguu na haikungoja apone.

Kuna aliyeniuliza kwenye kikundi cha Biblia cha Jumatano: huko mbinguni, Baraka atakuwa ametulia? Yaani kutotulia kwake kulikuja na anguko la Adamu, ama kuliumbwa? Mimi nadhani Mungu aliwapenda watu wa aina nyingi tangu mwanzo, wenye macho ya kuangalia mbali na wenye macho ya kuangalia karibu, na dunia hii iliyoharibika ndiyo iliyofanya baadhi ya tofauti hizo ziume. Hivyo viwili viko ndani ya ubongo mmoja na sioni mtu wa kuvitenganisha kwa kisu. Na kama mbinguni ni kuketi kwenye kiti cha plastiki tukinyamaza milele, wengi wetu tumedanganywa.

Hapo kwa viti ndipo nilipotaka kufika. Ibada yetu ya pili huanza saa nne na huisha saa saba na nusu, ikiwa mgeni hajapewa maiki. Watoto wa darasa la Baraka huketi katika ule ukumbi wa mabati, safu nane, na mtoto akisimama kuna mtu wa kumkalisha. Kwa muda wa saa tatu na nusu kila Jumapili, sisi wenyewe tunachukua tofauti ya mtoto na kuifanya kuwa shida. Wale marubani walitengenezewa viti upya. Sisi tunamrekebisha mtoto.

Kwa hivyo jibu langu kwa mama ni kwamba daktari hakukosea kuita alichoona kwa jina, na dawa ikisaidia ni neema kama neema nyingine. Mwalimu na shosho wamekosea zaidi kuliko daktari, nami nilikosea kuliko wote. Mtoto wako hajapungukiwa ubinadamu hata kidogo.

Nilimpigia simu Jumatatu jioni nikamweleza hayo, maneno mengi kama kawaida yangu. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaniuliza jambo moja tu: "Sasa Jumapili, akisimama, wale wahudumu watamkalisha?"

Nilikutana nao Jumanne. Safu ya nyuma itaondolewa viti, na dada mmoja wa shule ya Jumapili amesema atakuwa akiwatoa nje watoto wanaohitaji, dakika kumi kila saa, hadi kwenye ule mti wa parachichi na kurudi. Anahitaji mtu wa pili wa kumsaidia. Mwenye nafasi anione baada ya ibada.